Kugeuza Dizeli Kuwa Petroli: Hesabu za Land Rover Kuukuu ya Nyarugusu

Kwenye gereji za Kahama swali hili linaulizwa mara nyingi kuliko tunavyodhani sisi wa chuoni: "Fundi, hii injini yangu ya dizeli siwezi kuigeuza ikawa ya petroli?" Anayeuliza mara nyingi ana gari kuukuu, pampu ya nozeli imekwisha, na amesikia kuna mtu Katoro alifanya hivyo na gari linatembea mpaka leo. Jibu linategemea fundi aliyemkuta. Wapo wanaosema haiwezekani kabisa. Wapo wanaosema inawezekana, acha hela urudi Ijumaa. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na hesabu za kuitafuta chembe hiyo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mitambo anazo, hata kama alizikariri kwa ajili ya UE tu.

Mimi nilifanya PT yangu kwenye gereji moja ya Kahama, wiki nane. Magari yanayofika pale yanatoka mkanda mzima wa dhahabu: Kakola, Nyarugusu, Geita mjini, hadi Katoro. Mengi ni Toyota, lakini Land Rover za zamani bado zinapumua, hasa vijijini kwenye machimbo. Gari ninalotaka kulitumia kama mfano ni Land Rover 109 ya Series III, ya dizeli, mali ya mzee mmoja wa Nyarugusu. Kazi yake ni kubeba mawe kutoka kwenye maduara kuyapeleka karashani. Kwa wadau wasioujua mkanda huu: duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na karasha ni pipa la chuma linalozungushwa likiwa na mipira ya chuma ndani yake, linasaga mawe yawe unga kabla ya kuoshwa.

Tuanze na moto wenyewe, maana ndipo penye tofauti. Injini ya petroli hunyonya hewa iliyokwisha kuchanganywa na mafuta, inabana mchanganyiko huo kiasi, kisha plagi inapiga cheche. Injini ya dizeli hunyonya hewa tupu, inaibana kwa nguvu mpaka inakuwa moto mkali, halafu nozeli inapuliza mafuta ndani yake na yanawaka yenyewe bila cheche. Darasani tumechorewa vitu hivi kama michoro miwili ya mgandamizo na ujazo, mmoja wa Otto na mwingine wa Diesel, na tumeulizwa upi una ufanisi zaidi. Gerejini mchoro unageuka kuwa chuma. Umbo la hedi, urefu wa pistoni, uzito wa flaiwili, vyote vimefuata uamuzi mmoja tu wa namna ya kuwasha moto.

Sasa hesabu. Injini ya gari la mzee ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, na pistoni inatembea milimita 88.9. Gawanya kwa nne, kila silinda inafagia 571.5. Uwiano wa mgandamizo wa dizeli hii ni 23 kwa 1. Maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni 571.5 gawanya kwa 22, yaani sentimita za ujazo 26 hivi. Ni kama vijiko vitano vya chai. Injini ya petroli ya familia hiyohiyo ina uwiano wa 8 kwa 1, kwa hiyo nafasi ya juu ni 571.5 gawanya kwa 7, karibu 82.

Kwa hiyo anayetaka kugeuza anatakiwa kupata nafasi ya ziada ya sentimita za ujazo 56 juu ya kila pistoni. Eneo la silinda ni sentimita za mraba 64.3. Gawanya, unapata karibu milimita 9. Fundi anayesema "tutaweka gasketi nene" anazungumzia gasketi ya unene wa kidole! Haipo, na ingekuwepo, fito za kusukuma valvu zisingefika, na hedi isingekaa.

Je, mtu akiacha uwiano wa 23 vilevile, akang'oa nozeli na kufunga plagi? Tumia kanuni ya mgandamizo tuliyofundishwa. Hewa ikiingia na nyuzi 27 za Sentigredi, na ukichukua kipeo cha 1.35 badala ya 1.4 kwa sababu ya joto linalopotea, uwiano wa 8 unaifikisha kwenye nyuzi 350 hivi. Uwiano wa 23 unaifikisha kwenye nyuzi zaidi ya 600. Mchanganyiko wa petroli na hewa hausubiri cheche kwenye joto la namna hiyo. Utalipuka wakati pistoni bado inapanda, na injini itagonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya sufuria, kwa muda mfupi, mpaka pistoni itoboke. Na wale wanaomimina petroli kwenye tangi la dizeli "kuisaidia iwe nyepesi" wanaua kitu kingine kabla ya hapo: pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na petroli haina ulaini huo. Mafuta ya vidumu ya njiani yaliyochanganywa na mafuta ya taa nayo yana dhambi hiyohiyo. Sishangai pampu nyingi za machimboni zinakufa mapema.

Mpaka hapa anayesema haiwezekani anaongoza. Ila Land Rover ina historia yake.

Mwaka 1957 kiwanda kilitoa injini yake ya kwanza ya dizeli, ya lita 2. Mwaka uliofuata ikaja injini mpya ya petroli ya lita 2.25, na waliichora kwa kufuata mifupa ya ile dizeli ili mashine za kiwandani ziweze kuchonga bloku za aina zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dizeli nayo ikapandishwa ikawa 2,286, sawasawa na petroli. Kwa hiyo petroli na dizeli za gari hili ni watoto wa mama mmoja, na dizeli ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Ndiyo sababu injini ya petroli ya Land Rover ya miaka ile ina chini imara kupita mahitaji yake. Na ukisimama upande wa injini utaona jambo ambalo fundi wangu alilionyesha kwa kidole bila kusema neno: pale ambapo kwenye petroli distributa imesimama, kwenye dizeli imesimama pampu ya nozeli. Shafti fupi ya wima inayotoka kwenye kamshafti ndiyo inayoendesha yote mawili.

Marekani walijaribu njia ya kinyume. Oldsmobile walitoa injini ya dizeli ya V8 kwa magari ya mwaka 1978, wakiichora kutokana na V8 yao ya petroli, lakini wakabakiza mpangilio uleule wa bolti za hedi. Mgandamizo wa dizeli ukazishinda bolti. Gasketi zikapasuka, wateja wakaenda mahakamani, na wengine wakazigeuza injini zile kuwa petroli, maana bloku yenyewe ilikuwa imeongezwa unene na ilikuwa nzuri sana. Kumbe kutoka dizeli kwenda petroli chuma hakilalamiki. Kinachosumbua ni vile vyote vinavyozunguka chuma.

Kwenye gari la mzee vitu hivyo ni hivi. Hedi nzima inabadilika, kwa sababu ya dizeli iko bapa na ina vyumba vidogo vya kuanzishia moto, na haina pa kukaa plagi. Pistoni zinabadilika. Hapo fundi alinikazia kwamba pini ya pistoni ipimwe kwanza isidhaniwe kuwa ni ileile, la sivyo na konrodi zinaingia kwenye orodha. Inaingia manifoldi yenye kabureta, distributa, koili, nyaya za plagi, pampu nyepesi ya mafuta. Stata inaangaliwa upya. Switi inabadilishwa waya, kwa sababu dizeli huzimwa kwa kukata mafuta, na petroli huzimwa kwa kukata umeme. Dereva naye anabadilika mguu. Kwenye dizeli nyingi aksereta haizibi hewa, inaongeza na kupunguza mafuta tu, ndiyo maana dizeli kwenye mwendo mdogo inakunywa kidogo sana. Petroli lazima ibanwe koo kwa kipepeo cha kabureta ili mchanganyiko ubaki sawa, na injini inatumia nguvu yake yenyewe kuvuta hewa kupitia tundu dogo.

Ukijumlisha bei za vitu hivyo kimoja kimoja unafika kwenye jibu ambalo mafundi wengi wazuri wa Kahama na Mwanza hulitoa: usigeuze, badilisha. Tafuta injini nzima ya petroli ya familia hiyo, funga kwenye gia boksi ileile. Mzee alikuwa nayo tayari. Shemeji yake alikuwa na Land Rover ya petroli iliyooza chasisi, injini nzima. Pampu ya dizeli ingemlazimu kwenda Mwanza kwa mafundi wa pampu na kulipa taslimu, na mzigo wake wa mawe ulikuwa bado unasubiri zamu karashani. Injini ya shemeji ilikuwa ya bure. Mtu asiye na hela mkononi hesabu yake haifanani na ya mhandisi mwenye mshahara, na sioni kwa nini tumcheke.

Hata hivyo nilimpigia hesabu, maana aliniomba. "Kijana wa chuo, niambie itakunywaje." Land Rover za namna hii kwa makadirio hutembea kilomita 9 kwa lita ya dizeli, na kilomita 6 kwa lita ya petroli. Tuchukulie kilomita 100 kwa siku na siku 25 kwa mwezi. Dizeli ni lita 278, petroli ni lita 417. Tofauti ni lita 139. Tukiweka lita moja shilingi 3,000 kwa aina zote mbili ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 417,000 za ziada kila mwezi. Bei halisi EWURA huitangaza kila mwezi kwa kila mji, kila mtu aweke yake. Injini ya bure, kwa hesabu hiyo, inaanza kudai mwezi wa kwanza. Mzee aliitazama karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema atatumia petroli mpaka mawe yasagwe, halafu ataitazama tena ile pampu.

Kuna jambo la barabara ambalo vitabu vyetu havina. Usukumani udongo wa mbuga ukinyeshewa unakuwa gundi nyeusi, na makorongo yanajaa. Dizeli ikishawaka haina cheche ya kulowana, inavuka maji hadi yafike kwenye kichujio cha hewa. Petroli yenye distributa ikirushiwa maji kidogo inaanza kumisi, kisha inazima katikati ya korongo. Watu hufunika distributa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Inasaidia kiasi.

Mazungumzo yaligeuka siku ya tatu, wakati injini ya petroli imeshaninginia kwenye mnyororo. Fundi alikuwa anakagua nyuma ya gari akakuta shafti ya PTO imefungwa puli, na puli imeng'aa kwa mkanda. PTO ni ile shafti ya nyuma inayochukua nguvu ya injini kuendesha mashine nyingine. Land Rover iliuzwa nayo tangu zamani kwa ajili ya wakulima. Akamwuliza mzee inaendesha nini.

"Kompresa," mzee alisema. "Ya jekihama. Gari nalirudisha nyuma mpaka mdomoni mwa duara, nafunga mkanda, vijana wanatoboa mwamba chini."

"Ekzosi inaelekea wapi?"

"Itaelekea wapi? Nyuma, kama magari yote."

Fundi akaweka spana chini. Hapa ndipo naomba wadau msome taratibu, kwa sababu kemia yake ni ya kidato cha nne, na watu wanakufa kwa kutoijua. Dizeli, kwa vile haibanwi koo, karibu wakati wote inachoma mafuta ikiwa na hewa ya ziada. Kaboni yote inapata oksijeni ya kutosha, na inayotoka ni kabonidayoksaidi zaidi, kabonimonoksaidi kidogo. Petroli ya kabureta inafanya kazi karibu na mizani, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, na mara nyingi chini ya mizani: choki ikivutwa, kabureta ikichoka, kichujio kikijaa vumbi la barabara ya Kakola. Hewa ikipungua, kaboni inapata nusu ya oksijeni yake. Moshi wa injini ya namna hiyo unaweza kuwa na asilimia 3 ya kabonimonoksaidi, yaani sehemu 30,000 katika milioni. Hewa yenye sehemu 1,600 katika milioni inamuua mtu ndani ya saa moja hadi mbili. Uuchanganye moshi huo na hewa safi mara 18 ya ujazo wake, bado unakaribia kiwango hicho. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inashikana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana. Anayekaa chini anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni joto na njaa, anakaa kidogo apumzike.

Si hilo tu. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza tangi mdomoni mwa duara, mvuke hautapaa. Utashuka shimoni na kutulia. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli inahitaji kupashwa zaidi ya nyuzi 50. Na chini kuna jekihama inayopiga mwamba, na pengine kijana mwenye sigara.

Simaanishi moshi wa dizeli ni manukato. Una masizi na gesi za naitrojeni, na injini ya aina yoyote haitakiwi kupumulia ndani ya shimo. Lakini mzee alikuwa amefanya kosa lilelile kwa miaka na dizeli ikamvumilia. Injini ya petroli isingemvumilia wiki moja.

Fundi alisema, "Mzee wangu, injini nitakufungia. Hii shafti ya nyuma naitoa, nitakutunzia hapa."

"Gari ni langu."

"Gari ni lako. Vijana walioko chini ni wa watu."

Mzee alikasirika. Alisema kompresa ndiyo inayolipa, mawe yanabebwa tu, na bila PTO ni heri angebaki na dizeli iliyokufa. Alitoka nje kupiga simu, hakurudi mpaka jioni. Sisi tuliendelea kufunga injini tukiwa hatujui kama tutalipwa. Nilimwuliza fundi kwa nini asimpe tu onyo, akaweke bomba refu la ekzosi. Akanijibu kwamba bomba refu litafungwa siku ya kwanza, litavunjika siku ya tano, na hakuna atakayesimamisha kazi kwa ajili ya bomba. Nilitafuta hoja ya kitaalamu ya kumpinga, sikuipata. Usalama unaotegemea mtu mwenye haraka akumbuke kufunga kitu kila asubuhi haumlindi aliyeko chini.

Kesho yake mzee alikuja na mbia wake. Walizungumza na fundi kwa Kisukuma kwa muda mrefu, nikaambulia maneno machache. Walichokubaliana ni hiki: karasha lao la ubia lina injini ndogo ya dizeli ya akiba, ya silinda moja. Hiyo itafungwa na kompresa juu ya fremu moja, itakaa mbali na duara upande ambao upepo unatoka shimoni kwenda kwake, na hewa ya jekihama itafika kwa mpira mrefu. Gari litabeba mawe tu. Shafti ya PTO ilibaki gerejini, imefungwa kwa gunia chini ya meza ya vifaa.

Karatasi nazo zina kazi yake. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na aina ya mafuta, kwa hiyo injini ikibadilishwa gari linatakiwa likaguliwe na kadi irekebishwe TRA. Asiyefanya hivyo atakuja kujieleza kwa trafiki, au kwa bima siku ya ajali, na pale maelezo huwa hayasikilizwi.

Siku ya mwisho tulipima mgandamizo kabla ya kuliachia gari. Kahama iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ina shinikizo pungufu kwa takriban asilimia 13, kwa hiyo usitegemee namba za kitabu cha kiwandani. Silinda ya kwanza ilisoma 125, ya pili 130, ya tatu 128, ya nne 112. Fundi akamwaga kijiko cha oili kwenye ya nne, akapima tena, ikabaki 112. Ingekuwa ringi, oili ingeziba na namba ingepanda. Ni valvu, na kwa injini ya umri ule huenda ni ya ekzosi, kwani zilichorwa zama za petroli yenye risasi, iliyokuwa inalinda viti vya valvu, na nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Mzee aliuliza kama inaweza kufika Nyarugusu. Fundi akamwambia itafika, na irudi kusagwa valvu kabla mbuga hazijalowana.